Aliyelaza Majani

Hilda aliwaona wakiwa bado ng'ambo, wanateremka kuelekea mtoni. Kundi zima la vijana wa sekondari, kila mmoja na mfuko wa mchanga begani, wanakimbia kwenye mteremko ambao watu wazima wa kata yetu ya Ruanda huushuka kwa kushika vichaka. Mbele yao, na mfuko mkubwa kuliko ya wengine wote, alikuwa Mwalimu Benjamin.

Jembe likamponyoka Hilda. Muuguzi wa zahanati, mtu mzima, anayechoma watu sindano bila mkono kutetemeka, sasa anashindwa kushika jembe vizuri kwa sababu mwanaume anavuka mto. Akainama, akajifanya anatoa jiwe kwenye kandambili. Jiwe lenyewe halikuwepo.

"Hao ndio watwanga wako?" shangazi yake, Gaudiosa, akauliza bila kuinua kichwa.

"Siyo wangu, shangazi. Ni wa mwalimu."

"Aa. Na mwalimu ni wa nani?"

Hilda akarudi kwenye jembe. Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi wiki nzima.

Tuiseme kwanza habari ya watwanga, maana asiyeijua atapotea. Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kujaa Mbinga, na vitu vya kila namna vinashushwa sokoni kutoka kwenye malori. Shuleni nako kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, Mjapani, aliyemaliza muda wake akaondoka na kuacha sanduku la mipira migumu midogo, glovu za ngozi na magongo ya kupigia. Mchezo wenyewe aliuita besiboli, na aliyemwachia aufundishe ni Mwalimu Benjamin. Benjamin akaita mkutano wa wazazi awaeleze. Akasema vijana watapiga mpira kwa bati, wazazi wakafurahi wakidhani shule inaezekwa. Akajirekebisha, akasema siyo bati, ni gongo, na mtendaji wa kata akasimama kutaka kujua linapikwa wapi. Mwisho akachoka, akasema basi ni mchi, mchi wa kutwangia. Tangu siku hiyo timu nzima ikaitwa watwanga, na yeye akaitwa Mwalimu wa Michi hadi makanisani.

Hilda alimfahamu kwa sababu ya bega. Siyo bega lake, bega la Pankras, mrushaji wa timu, ambaye siku moja aliletwa zahanati hawezi kunyanyua mkono hata kuchana nywele. Hilda alimtazama kijana, akamgeukia mwalimu, akamwambia mbele ya wagonjwa wote: "Umemrushisha mpaka umemharibu." Mwalimu hakujitetea. Akauliza tu, "Sasa nifanyeje, nesi?" Ikaanzia hapo. Kila jioni baada ya zahanati kufungwa Hilda akaenda uwanjani. Yeye akaonyesha jinsi msuli unavyoshikana na mfupa, mwalimu akabuni mazoezi. Walifunga mipira ya ndani ya baiskeli kwenye miti, vijana wakaivuta taratibu kuimarisha bega. Walijaza mifuko mchanga. Walibebana mgongoni na kuchuchumaa. Siku za kupumzika zikawa ni amri, na anayeonekana anarusha hata jiwe siku hiyo anafagia uwanja. Miezi ikapita hivyo. Waliongea mabega, viuno, vifundo vya miguu, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake anaongea kitu kingine, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Jumatano ndiyo Hilda alithubutu, kidogo.

"Jumamosi nyumbani kuna mgeni," alimwambia.

"Mgeni gani?"

"Mgeni wa kuniulizia."

Mpira ukamdondoka mwalimu mkononi. Akauokota, akaufuta vumbi kwenye suruali, akaufuta tena. Hilda akangoja, roho juu juu. Na unajua mwanaume yule alisema nini? Alisema, "Kwenu kuna mlima mkali, siyo? Nataka vijana wapate mlima."

Basi. Ndiyo hao wanakuja kupata mlima. Na saa kumi alasiri hiyo hiyo Mzee Romanus, mshenga wa Florian mnunuzi wa kahawa, alikuwa anakuja kuchukua jibu. Florian hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mpole, Mkatoliki, mtu wa huko huko milimani, na hilo ndilo lililomtesa Hilda, kwa kuwa hakuwa na la kumsingizia. Baba yake, Mzee Urbani, alishamwambia bila ukali: "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Kama yupo mwingine, niambie. Kama hayupo, nimkatalie kijana wa watu kwa sababu gani?" Hilda angejibu nini? Amwambie baba yupo mwingine, ila bado anaongelea mabega?

Vijana wakafika, wakashusha mifuko, wakapanga mstari. "Shikamoo mzee," wakasema kwa sauti moja, hadi ng'ambo ikasikika.

"Marahaba wanangu." Mzee Urbani akanyooka kwa taabu, mkono kiunoni. Nyonga yake ilikuwa imemsumbua tangu masika yaliyopita, na watoto wake wa kiume wote walikuwa mbali. "Mwalimu, karibu. Huo ni mchanga?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, ni mchanga."

"Mmeubeba toka shuleni?"

"Ndiyo mzee."

"Na mtaurudisha?"

"Tutaurudisha."

Mzee akautazama mfuko, akawatazama vijana, akamtazama dada yake Gaudiosa. "Nimeishi sana," akasema. "Sikuwahi kuona mtu anatembeza mchanga."

Vijana wakacheka, na mwalimu akacheka nao, na katika kicheko hicho macho yake yakapita haraka kwa Hilda yakatua hapo. Hayakukaa muda mrefu, ila yalimwacha Hilda na joto shingoni.

"Sasa nguvu zote hizi," mzee akaendelea, "mwisho wake nini? Mtu akibeba gunia la kahawa naelewa, linafika sokoni."

"Nikuonyeshe mzee," Benjamin akasema. "Pankras, njoo. Unauona ule mti mkavu?"

Mti wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mto, nusu ya kilima cha pili, umekauka zamani baada ya radi. Gaudiosa akaguna. Kutoka pale walipo, mti ule hata mtu ukimwita kwa sauti akiwa chini yake anasikia kwa shida. Pankras akavua shati, akachagua mahali pa kuweka mguu. Hilda akaliona bega lile, ambalo miezi iliyopita alilishika likiwa la moto limevimba, sasa limejaa na limetulia.

Kijana alianza polepole sana. Goti likapanda hadi kifuani, mwili ukajikunja, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kwenye mteremko kana kwamba yuko sakafuni. Halafu mguu ukashuka, kiuno kikazunguka, kifua kikafuata, na mkono ukaja mwisho kabisa. Mpira ukaondoka. Uliruka juu ya mashamba, juu ya migomba, juu ya mto, ukawa nukta nyeupe, nukta ikawa haionekani. Kisha vumbi la ganda likaruka kwenye mti mkavu, ndege wakatawanyika, na sauti, ko, ikawafikia baadaye, baada ya wote kuwa wameshaona.

Mzee Urbani alivua kofia. Hakujua ameivua.

"Mama yangu," akasema taratibu. "Mkono ule?"

"Siyo mkono mzee. Mkono ndio wa mwisho kupata habari. Inaanzia kwenye nyayo, inapanda kwenye mapaja, inapita kiunoni. Ndiyo maana nawapa mlima. Na bega lile," akasita, "bega lile ni la binti yako. Mimi nililiharibu, yeye ndiye aliyelirudisha."

Watu wote wakamgeukia Hilda. Machozi yalikuwa yameshamlenga, na hakujua yanatoka wapi, kama ni kwa ajili ya mpira ule au kwa ajili ya sauti ile iliyosema binti yako. Alihisi kitu kikubwa kimepita mbele yake na yeye ana mkono humo, yeye wa zahanati ya kata, na akaogopa kidogo jinsi kilivyokuwa kizuri.

Kazi ikaanza. Mzee alikuwa na shamba la ngolo la kumalizia kabla mvua haijarudi. Wasiolijua shamba la ngolo nitawaeleza. Milima yetu imesimama wima, ukilima hovyo mvua inashuka na udongo wote hadi mtoni. Kwa hiyo majani yanafyekwa, yanaachwa yakauke, kisha mwanaume anayalaza kwenye mteremko kwa mistari ya kukatana, miraba miraba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachimba katikati ya mraba na kufukia majani kwa udongo huo, na pale katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua. Ukiutazama mlima uliomalizika kwa mbali unaona sega la nyuki.

Mwanaume analaza, mwanamke anachimba. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza wa huku analijua. Baba na mama, kaka na dada. Kibarua anaruhusiwa kufyeka, anaruhusiwa kusomba. Kulaza, hapana. Akitokea mwanaume asiye wa nyumba hiyo, hakuitwa, hakutumwa, akainama akalaza majani ambayo binti wa nyumba atayachimbia, katika vilima vile haandiki posa. Amekwisha kusema.

Vijana walisomba majani toka chini kwa mbio, wakishuka na kupanda, na mzee alikuwa akilaza. Alipofika nusu ya mraba wa tatu nyonga ikamkaba. Akakaa kwenye jiwe, uso umemkunjamana.

"Mzee, pumzika," Benjamin akasema. "Naona unavyofanya. Ngoja nikusaidie."

Akakumbatia mzigo wa majani, akachuchumaa, akaanza kulaza.

Mzee Urbani akafungua mdomo. Gaudiosa akamvuta shati. "Mwache," akanong'ona. "Tumwone."

Jirani yao Stella, aliyekuwa akichimba kwenye shamba la juu, akasimamisha jembe. Na mwenzake akasimamisha. Mlima mzima ukanyamaza, na mwalimu hana habari, analaza tu, mstari wa kushuka, mstari wa kukata, jasho linamtiririka mgongoni. Halafu kutoka kule juu Stella akapiga kigelegele, kirefu, cha harusi.

Hilda alisimama pale na jembe lake na dunia ikawa imempanukia. Amesema. Mtu wa mabega na viuno, mtu wa kufuta mpira mara mbili, amekuja mchana kweupe, mbele ya baba, mbele ya shangazi, mbele ya kilima chote, akainama akasema kwa mwili wake wote. Aliogopa hata kupumua asije akaharibu. Kila mraba uliofungwa ulikuwa unamwita aingie, na mikono yake, hii iliyokuwa inatetemeka asubuhi yote, ilitulia kabisa.

Benjamin alipomaliza mraba wa mwisho alinyooka, akajifuta uso, akawageukia vijana wake kwa furaha.

"Mmeona? Hili zoezi ni zuri kuliko la mchanga. Linakamata mapaja, linakamata kiuno, na mgongo unabaki umenyooka. Jumatatu wote mtalifanya."

Hakuna aliyecheka. Wale vijana wenyewe, watoto wa milimani, walikuwa wanaangalia chini.

Hilda akalirudia neno lile moyoni. Zoezi.

"Mwalimu," Mzee Urbani akasema, "kwenu Liuli majani haya analaza nani?"

"Kwetu hatulimi hivi mzee. Sisi pwani ya ziwa ni muhogo, na mpunga kidogo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui nini mzee?"

Mzee akamweleza. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni kuwa amekalia kiti cha marehemu. Benjamin alisikiliza, na uso wake ukabadilika polepole. Akayatazama majani, akatazama kule juu kilikotoka kigelegele. Hilda hakumwangalia. Angeangaliaje?

"Mgeni hana kosa," mzee akamalizia. "Ukiyang'oa kwa mikono yako, limeisha, hakuna atakayekutaja. Ukiyaacha, ukae hapa uongee na mimi kama mwanaume. Ila amua mapema. Saa kumi kuna mtu anakuja."

"Kaka, unampa nafasi ya nini?" Gaudiosa akasema. "Mwanglikana huyu. Mla usipa, dagaa wa ziwani. Hilda atasali wapi, au atakuwa anateremka Liuli kila Pasaka na sisi tunabaki tunamngoja barabarani? Mtu wa ziwani hawezi hata kusimama kwenye mlima wetu."

"Amesimama leo," mzee akasema.

"Kwa mazoezi."

Neno hilo, kwa mara ya pili, ndilo lililomshinda Hilda. Alitupa jembe, akateremka hadi mtoni, akakaa kwenye majabali. Hatua zikamfuata. Alizijua.

"Nesi," Benjamin akasema.

"Usiniite nesi."

"Ulikuwa unajua? Wakati nalaza, ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Mbona hukunizuia?"

Hilda akageuka. "Nikuzuie? Benjamin, nikuzuie mimi? Nilitaka ulaze. Nilitaka ulaze mpaka mlima uishe. Miezi yote hii bega, kiuno, kifundo cha mguu. Hujawahi hata kuniita jina. Nimekufundisha mwili wa mtu toka unyayo mpaka kichwa, na wewe hukuuliza hata siku moja katikati pale kuna nini."

Benjamin akakaa kwenye jiwe la pili. Mikono yake, ile iliyokuwa ikimwonyesha kila mtu jinsi ya kufanya kila kitu, ilikosa pa kukaa.

"Hilda," akasema, na jina likamtoka vibaya, kwa kukwaruza. "Jumatano baada ya kuniambia sikula. Nilitaka nije nimwone baba yako. Nikatafuta neno la kuanzia, nikakosa. Mimi ninachojua ni kuwafanyisha watu kazi. Nikasema nitakuja na vijana, nitapanda mlima wake, labda nikifika juu nitakuwa nimepata la kusema. Nikafika juu, nikakuona na jembe, nikarudi kuwa mjinga."

"Kwa hiyo ulikuja kwa ajili yangu."

"Nilikuja kwa ajili yako. Lakini majani niliyalaza kwa ajili ya nyonga ya mzee, na kwa ajili ya mapaja ya vijana. Siwezi kusema uongo."

"Basi yaache," Hilda akasema, sauti imemshuka. "Yaache kama yalivyo, panda uongee na baba. Atakusikiliza. Nani atajua ulikuwa unawaza nini?"

Benjamin akayaangalia maji yanavyopita. Akatikisa kichwa.

"Siwezi kuyaacha."

Akasimama, akapanda mlima.

Hilda hakuelewa mara moja. Alielewa alipomwona, kule juu, ameinama kwenye mraba wake wa kwanza, anayazoa majani, anayatupa chini ya mteremko. Akazoa mstari wa pili. Akazoa wa tatu. Alifanya haraka, bila kuangalia mtu. Vijana wakasogea kumsaidia, akawanyooshea mkono.

"Kaeni chini."

Hawakuwahi kusikia amri hiyo kwake. Wakakaa.

Hilda alipanda. Hakulia. Kilio kilikuwa kimekaa mahali pa ndani zaidi ya macho. Alipofika pembeni ya shamba, Gaudiosa alimshika mkono, na safari hii shangazi hakuwa na maneno makali, alimshika tu. "Yameisha mama," akasema. "Nenda kaoge, ubadilishe nguo. Mzee Romanus huyo anakuja." Na kweli pikapu ilisikika ikiunguruma kwenye kona ya barabara ya juu. Pale alipolaza mwalimu palikuwa patupu, majani yote yamerundikana chini, na udongo mwekundu uko wazi ukingoja mvua iuchukue.

"Ahsante mwalimu," Mzee Urbani akasema kwa uchovu. "Umefanya kiungwana. Tumesahau."

"Bado mzee," Benjamin akasema.

Akavua viatu, akaviweka juu ya mfuko wa mchanga. Akateremka hadi kwenye rundo, akakumbatia majani mengi kadiri kifua chake kilivyoweza, akapanda nayo. Akasimama mbele ya mzee, mzigo mikononi, anahema.

"Yale ya kwanza yalikuwa ya mazoezi," akasema. "Sikutaka binti yako aolewe kwa zoezi. Na vijana ndio walisomba. Haya nasomba mimi, nalaza mimi, na maana yake naijua. Nikimaliza utanikataa ukipenda."

Akachuchumaa akalaza mstari wa kwanza.

Nani aliwahi kuona kitu kama hicho? Hilda hakuwahi, na tangu siku hiyo hajaona kingine. Mtu aliyekuwa amekimbia na mchanga toka asubuhi, aliyekuwa ameshalaza shamba na kuling'oa, sasa anateremka, anakumbatia, anapanda, analaza, anateremka tena. Mapaja yakaanza kutetemeka. Hilda alikuwa anayaona kutoka pale aliposimama, na kama muuguzi alijua kinachotokea ndani ya msuli uliochoka hivyo, na kama mwanamke alitaka akimbie akamwambie inatosha. Mara moja aliteleza akaangukia magoti, majani yakatawanyika. Vijana wakainuka wote kwa pamoja. "Kaeni," akasema bila kugeuka, akayaokota moja moja. Mwalimu aliyewakemea wengine wote kwa kutopumzika, mwenyewe alikuwa amesahau kuwa kuna kitu kinaitwa kupumzika. Na kilima kizima kikasimama kumtazama, Stella na wenzake kule juu, jirani wa chini na mundu wake, hakuna aliyepiga kigelegele, kwa sababu hili halikuwa la kupigia kigelegele. Lilikuwa la kukaa kimya.

Mzee Romanus akafika na kofia yake ya Jumapili. Akasimama pembeni ya Mzee Urbani, akatazama, na yeye akiwa Mmatengo, mtu wa milima hii, hakuhitaji kuuliza kinafanyika nini. Akauliza kingine.

"Huyu ni nani?"

"Mwalimu," Mzee Urbani akasema. "Mtoto wa Liuli."

"Mnyasa?"

"Mnyasa."

"Analaza vibaya."

"Analaza vibaya," mzee akakubali, na macho yake yalikuwa na maji. "Ila nimeanza kuhesabu mizigo aliyopandisha, nimeshindwa."

"Kaka," Gaudiosa akasema kwa sauti ndogo, "na kanisa?"

"Padri yupo, na kasisi wao yupo. Watakaa waongee, ndiyo kazi yao." Kisha akamgeukia mwanaye. "Hilda. Majani ni maneno ya mwanaume tu. Yakikaa hivyo hayana kitu, upepo utayachukua. Mimi sisemi ndiyo, sisemi hapana. Mzee Romanus amekuja kuchukua jibu, na jibu liko kwako."

Benjamin alikuwa kwenye mraba wa mwisho. Alisikia, kwa kuwa mkono wake ulisimama hewani, halafu ukaendelea. Hakugeuka. Hilda aliuona mgongo ule, fulana imegandana nao, na akajua kuwa mwanaume huyo anaogopa kuliko alivyowahi kumwona mtu yeyote akiogopa, hata wale waliokuwa wakisubiri majibu kwenye benchi la zahanati. Anaogopa, na bado analaza.

Hilda akaenda mahali alipokuwa amelitupa jembe. Gaudiosa alikuwa ameshalichukua. Wakatazamana, na Hilda akanyoosha mkono, na shangazi akakaa nalo kidogo, akalipangusa udongo kwa kanga yake, akampa.

"Shika vizuri," akasema. "Watu wanakuangalia."

Mzee Romanus akavaa kofia yake, akaanza kuipanda njia ya kurudi barabarani taratibu.

Hilda aliingia kwenye mraba wa kwanza. Mistari ilikuwa imepinda, mmoja umenenepa, mwingine umekonda, na kona hazikukutana. Angeweza kuinyoosha kwa mguu kabla ya kuanza. Akainua jembe, akachimba, akaifukia hivyo hivyo ilivyo.